Kibanda cha Mlimani, Hema au Gesti: Ulale Wapi Nyanda za Juu Kusini?

Wanaopanga kwenda kupumzika Rungwe, Kitulo au Mufindi, kusini mwa Tanzania, huchagua malazi kwa picha za mchana: bonde la kijani, ukungu unapanda, mtu yuko barazani na kikombe cha chai. Picha hizo ni za kweli. Lakini mchana wa milimani kila mtu anaufaidi sawa, awe amelala kwenye kibanda cha mbao, kwenye hema au kwenye gesti ya Tukuyu. Tofauti inaanza jua likizama. Huku kwetu linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo jioni, na mwezi wa sita linachelewa kuchomoza hadi karibu saa moja asubuhi. Saa hizo kumi na mbili za giza na baridi ndizo unazolipia, na ndizo nitakazozipima hapa.

Tunalinganisha nini hasa

Kibanda ninachokisema ni nyumba ndogo ya mbao au ya tofali iliyo mbali na nguzo za umeme wa TANESCO: jiko la kuni, taa za sola au kandili, maji ya kijito au ya mvua, choo cha nje. Vingine vimejengwa kwa ajili ya wageni, vingine ni nyumba za zamani za shambani zilizokarabatiwa.

Hema ni la kwako mwenyewe, unalipiga kwenye eneo lililotengwa hifadhini au kwenye kiwanja cha mwenyeji kwa ruhusa yake. Gesti ni chumba cha kawaida katika mji mdogo kama Tukuyu, Matamba, Makete au Mafinga. Unalala mjini, unapanda mlima mchana, unarudi.

Vya kupimia ni baridi, moto na chakula, maji na choo, mwanga na simu, njia ya kufika na ya kuondoka, fedha, na mwisho kile ambacho kila malazi yanakupa na mengine hayawezi. Nimevipanga kwa uzito. Baridi na moto vina maneno mengi kuliko vingine kwa sababu ndivyo vinavyoharibu safari nyingi.

Baridi

Tuanze na hesabu ndogo. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 7 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600. Kwa hiyo jioni ambayo Mbeya umevaa sweta tu, Kitulo kuna baridi zaidi kwa nyuzi kama 6 hata kabla upepo haujaanza. Mwezi wa sita na wa saba, usiku usio na mawingu, kipimo huko juu hushuka hadi sifuri na chini yake. Asubuhi umande umeganda, na nyasi zinavunjika chini ya buti.

Tukuyu iko chini zaidi, kwenye mita 1,600 hivi, lakini ni mji wa mvua, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Baridi yake ni ya unyevu. Nguo uliyoanika asubuhi, jioni bado inanata mkononi.

Kibanda hakina joto lake chenyewe. Kina joto la moto mnaouwasha, na moto ukifa saa nane za usiku, kufika saa kumi na moja alfajiri ndani na nje vimekaribiana. Mbao zilizoachana zinapitisha upepo. Bati lisilo na dari ni baya zaidi: linapoa upesi, mvuke wa pumzi zenu unageuka maji chini yake, na alfajiri matone yanawadondokea kitandani. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwenye nyumba ni kama kuna dari. La pili ni jiko liko wapi, chumba kile kile mnacholala au jiko la nje. Kibanda chenye dari na jiko la chuma lenye bomba la moshi ndani ni malazi mazuri kabisa hata mwezi wa saba. Kisicho na hivyo viwili ni kivuli tu cha kujikinga na mvua, na bei yake inapaswa kuonyesha hivyo.

Hema linadharauliwa kuliko linavyostahili. Hema dogo la watu wawili, likilaliwa na watu wawili, hukusanya joto la miili vizuri kuliko chumba kikubwa ambacho moto wake umezimika. Adui wake mkubwa ni ardhi, inayonyonya joto lako usiku kucha. Blanketi la juu likiwa zito namna gani, bila godoro la povu chini yako utaamka mgongo umekufa ganzi. Lipige kwenye mwinuko kidogo badala ya shimoni au sakafuni mwa bonde, kwa kuwa hewa baridi huteremka usiku na kutuama chini.

Kisha kuna maji ya ndani. Alfajiri ukimulika tochi juu utaona matone madogo yamejipanga kwenye kitambaa, upande wako. Hema halivuji: hizo ni pumzi zako. Ukigusa kwa bega, tone moja linateremka, linazoa mengine njiani, na mfuko wa kulalia unalowa kuanzia mabegani. Dawa yake ni kuacha zipu wazi kidogo upande wa juu, hata kama moyo unakataa kwa sababu ya baridi. Hema lililofungwa kila mahali huamkia maji.

Na gesti? Wengi hudhani ukilala mjini umeikwepa baridi. Gesti nyingi za huku hazina moto wala hita. Ukuta wa tofali na sakafu ya vigae vinaitunza baridi ya usiku hadi saa nne asubuhi. Unachopata ni mablanketi mazito, mlango unaofungika vizuri na maji ya moto, ya bombani au ya ndoo. Kwa mtu aliyetoka kulowa kwenye msitu wa Ngosi, ndoo ya maji ya moto ni kitu kikubwa sana, na si hema wala kibanda kitakachompa kwa urahisi huo.

Moto na chakula

Hapa ndipo kibanda kinapojitetea. Sijapata bado namna nyingine ya kukaa mlimani jioni inayolingana na jiko la kuni linalowaka vizuri, mvua ikipiga bati. Lakini neno la kushika hapo ni *vizuri*.

Kwenye kibanda kimoja upande wa Makete, mzee anayekilinda aliniwashia moto nikiwa namwangalia. Hakuanza na magogo. Alipanga magunzi makavu matatu, akaegemeza vibanzi vya paini vyenye utomvu, akawasha kwa kiberiti kimoja. Moto uliposhika akaweka fito za miwati unene wa kidole gumba, kisha za unene wa mkono, na gogo moja akaliweka nyuma kabisa, halijaguswa na ndimi bado. Kuni za kesho akazipanga pembeni ya jiko zipate kukauka.

"Mzee, kuni zitatosha mpaka asubuhi?" nikamuuliza.

"Kuni zinatosha, mwanangu. Shida ni wewe, utaamka mara ngapi."

Na ndivyo ilivyo. Mti una maana kubwa. Paini huwaka haraka na kutoa moshi mwingi, inafaa kuanzishia. Miwati, ambayo Njombe na Makete imejaa, huacha kaa zito linalodumu. Mkaratusi mkavu unafaa pia, mbichi ni mateso ya macho. Lakini hakuna kuni itakayofika alfajiri bila mtu kuamka kuiongeza, kwa hiyo kama mko kundi pangeni zamu kabla hamjalala. Na kama bei ya kibanda haitaji kuni, uliza. Wapo wanaozijumlisha, wapo wanaouza kwa mzigo, na mzigo mmoja unaisha usiku mmoja wa baridi.

Jambo moja nalisema kwa uzito wote: jiko la mkaa lisiingizwe mahali mnapolala, iwe kibanda, hema au gesti. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala hana namna ya kuigundua. Baridi ya Makete na Njombe inawashawishi watu kila mwaka kuingiza jiko "kidogo tu, chumba kipate moto". Usikubali, hata kama mwenyeji mwenyewe ndiye anayekuletea kwa nia njema. Mshukuru, mwambie likae nje. Jiko la kuni lenye bomba la moshi ni salama kama bomba halijaziba na dirisha limeachwa nafasi. Lisilo na bomba, lizimwe kabla ya kulala.

Kwenye hema moto wa ndani haupo, basi. Ndani ya hifadhi ya taifa huwezi kuokota kuni utakavyo, na Kitulo ni nyanda za nyasi ambazo wakati wa kiangazi cheche moja inatosha kuleta maafa. Beba jiko dogo la gesi, pikia nje ya hema mahali pasipo na upepo, na ukubali kwamba jioni yako itakuwa fupi: chai, chakula, kuingia kwenye mfuko wa kulalia saa mbili.

Kuhusu chakula chenyewe, mlima una sheria yake. Kwenye mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi kama 91 badala ya 100, kwa hiyo maharage makavu yatachukua muda na kuni zaidi kuliko ulivyozoea. Usiyapeleke juu bila kuyachemsha nyumbani. Viazi mviringo, ambavyo huku ndiko nyumbani kwake, ukivikata vidogo vinaiva bila taabu. Mchele nao unakubali, ukiufunika vizuri. Ukifika Matamba au soko lolote la njiani nunua viazi, vitunguu, mboga na mayai hapo hapo. Hakuna haja ya kuvitoa Mbeya.

Gesti inakutoa kwenye habari hii yote. Tukuyu utakula ndizi na nyama, wali wa Kyela, maharage, na asubuhi maziwa na chapati. Kasoro yake ni kwamba mama lishe anafunga, na ukirudi kutoka mlimani umechelewa unaweza kukuta sufuria zimeoshwa. Muagize chakula asubuhi kabla ya kutoka, ulipe kabisa.

Maji na choo

Kijito kinachotoka msituni kinaonekana safi na mara nyingi ni safi, ila ng'ombe wamo milimani na watu wamo, kwa hiyo yachemshe. Kwa kuwa maji ya mlimani huchemka kwenye joto dogo, yaache yatokote dakika tatu badala ya kuyaepua yakianza tu. Hilo linawahusu wa kibanda na wa hema sawa. Tofauti ni kwamba kibanda kina simtanki au madumu yaliyokwisha kujazwa, na mwenye hema anateka mwenyewe, wakati mwingine mbali kiasi cha kumfanya apunguze kunywa. Usipunguze. Juu ya mita 2,500 mwili unaweza kuumwa kichwa kwa kimo peke yake, na kiu inazidisha.

Choo cha kibanda ni cha shimo, hatua ishirini au thelathini nje. Mchana si kitu. Usiku wa manane, na mvua, na mtoto anayelia kwamba anaogopa, ni kitu. Mwenye watoto wadogo au mzazi mwenye magoti mabovu akague njia ya chooni kabla ya kulipa: ina ngazi, ina utelezi, ina kamba ya kushika? Kwenye hema, kama hakuna choo cha kambi, unachimba mbali na maji na kufukia. Gesti ina choo ndani au mlango wa pili, na hapo haina mpinzani.

Mwanga na simu

Sola ya kibandani inatosha kama inadaiwa kinachowezekana. Taa moja ya LED ya wati 5 ikiwaka saa tano inatumia wati-saa 25; kuchaji simu ni kama 15. Betri ya volti 12 na ampia-saa 50 ina wati-saa 600, nusu yake ndiyo ya kutumia kwa usalama wa betri. Kwa taa na simu za familia, hiyo inabeba usiku hata wa pili kama kesho yake ni ukungu mtupu. Birika la umeme, pasi, kikausha nywele: hapana. Birika peke yake linavuta wati 1,500 au zaidi, na mgeni mmoja akilichomeka kwa siri, nyumba nzima inalala gizani.

Ukungu wa milima ya Rungwe na Poroto hauna huruma kwa paneli, hasa kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne. Beba tochi ya kichwani na pawabenki, popote utakapolala.

Mtandao ni wa bahati. Juu ya mgongo wa mlima simu inashika, bondeni haishiki. Simu inayotafuta mtandao usiku kucha inamaliza chaji, kwa hiyo iweke hali ya ndege ukilala. Anayesubiri simu ya kazi, au aliyemwacha mgonjwa nyumbani, alale gesti. Akilala kibandani atautumia usiku wote kupanda na kushuka kilima akitafuta vijiti vya mtandao.

Njia ya kufika, na ya kuondoka

Watu huuliza njia ya kwenda. Mimi naomba uulize ya kurudi, usiku, mvua ikinyesha, mtu akiwa mgonjwa.

Tukuyu iko kwenye lami ya Mbeya kwenda Kyela; gari zipo muda wote na hospitali ipo. Mafinga iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya. Kwa gesti, basi, jibu ni jepesi.

Matamba na Kitulo ni habari nyingine. Kutoka Chimala unapanda ukuta wa mlima kwa kona zinazoitwa Hamsini na Saba, na jina linajieleza lenyewe. Kiangazi ni safari ya kupendeza, bonde la Usangu linatanuka chini yako kila kona. Masika ni tope na utelezi, na dereva mwenye akili anaweza kukataa kushuka jioni, akikataa, msikilize. Njia nyingine ni kupitia Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu, ukapanda Kikondo. Kwa nyanda hizi mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa tano, kwa hiyo ndani ya miezi hiyo hesabu safari ya hema au kibanda pamoja na siku moja ya akiba.

Vibanda vingi haviko barabarani. Gari linakuacha mahali, kinachobaki ni bodaboda au miguu. Muulize mwenye nyumba mambo matatu kwa simu: gari dogo linafika mpaka wapi, mwendo wa miguu kutoka hapo ni dakika ngapi kwa mtu aliyebeba mzigo, na usiku kukitokea dharura nani ana chombo cha kumshusha mgonjwa. Mwenye nyumba anayejibu la tatu bila kusita amekwisha kulifikiria. Akibabaika, kaa naye mbali.

Mwenye hema ana uhuru wa kuchagua mahali, lakini hana mlinzi wala jirani. Asiende peke yake. Amwachie mtu ratiba, na kwenye misitu ya hifadhi achukue mwongozaji wa eneo hilo. Ukungu wa Rungwe ukishuka, njia uliyoipita asubuhi huioni.

Fedha

Sitataja bei kwa shilingi, zinabadilika kila msimu. Mpangilio wake ndio haubadiliki.

Gesti ni nafuu kwa usiku mmoja, lakini kila siku unalipa usafiri wa kwenda mlimani na kurudi. Kwa siku tatu za kupanda, nauli za bodaboda na gari za kukodi zinaweza kuizidi bei ya chumba. Kibanda hulipiwa mara nyingi kwa nyumba nzima: wawili wataona ni ghali, sita wataona ni bure. Ongeza kuni, mlinzi, chakula ulichobeba. Hema ni nafuu kuliko vyote kama vifaa unavyo tayari. Kununua mfuko wa kulalia wa kweli na godoro la povu kwa safari moja tu hakuna maana, azima.

Kwenye hifadhi kumbuka kuna kiingilio, na ada ya kulala ni nyingine mbali na hiyo. Mtanzania analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo usisahau kitambulisho.

Kile ambacho mengine hayakupi

Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na wenyeji walikuwa wakiiita Bustani ya Mungu zamani kabla ya hapo. Maua yake, na humo mna aina 45 za okidi za ardhini, huchanua kati ya mwezi wa kumi na mbili na wa nne, yaani katikati ya mvua. Asubuhi kabla ukungu haujafunga ndiyo saa ya kuyaona, na aliyelala hema hapo hapo uwandani anayaona akiwa bado na kikombe mkononi. Anayetoka mjini anafika ukungu umeshamtangulia. Ni hoja nzito ya hema, na kwa mpenda maua inafuta kasoro zake zote.

Gesti ya Tukuyu inakupa upana. Ndani ya siku chache unaona Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu na Kijungu kwenye mto Kiwira, ziwa la Masoko, mashamba ya chai, na ukitaka unateremka hadi Matema kuogelea Ziwa Nyasa. Mlima Rungwe wenyewe, karibu mita 2,960, unapandwa na kushukwa kwa siku moja ndefu ukianza alfajiri. Msitu wake ndiko anakoishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimwona mara ya kwanza mwaka 2003 na kumtangaza 2005, ingawa wawindaji wa kijijini walikuwa na jina lake siku zote. Usitegemee kumwona kwa matembezi ya siku moja.

Kibanda kinakupa kukaa. Ni malazi pekee kati ya haya ambayo mvua ya siku nzima haiyaharibu. Wa hema amelowa, wa gesti amekaa kitandani anatazama ukuta wa rangi ya maziwa. Wa kibandani ana moto, sufuria ya makande, na watu aliokuja nao, na hakuna simu inayolia. Nimeona familia zilizokuwa hazizungumzi mjini zikimenya viazi pamoja saa nzima kwa sababu hakuna kingine cha kufanya. Mimi moyo wangu uko huko, nakiri, lakini moyo wangu haumchagulii mtu mwenye mtoto wa miezi sita.

Uchague nini, kulingana na hali yako

Una watoto chini ya miaka mitano, au mzazi mzee: gesti, kisha safari za mchana. Kama hamu ya kibanda haiishi, tafuta Mufindi kwanza, ambako kimo ni kidogo kuliko Kitulo na Mafinga haiko mbali, na mlale usiku mmoja wa kujaribu.

Mko wawili na mnataka utulivu: kibanda chenye dari na jiko lenye bomba la moshi, mwezi wa tisa au wa kumi, mvua ikiwa haijaanza na baridi kali imepungua.

Mko kundi la marafiki sita au zaidi: kibanda tena, bei inagawanyika vizuri. Wekeni zamu za kuni, na mtu mmoja awe na jukumu la maji.

Unakwenda kwa ajili ya maua ya Kitulo: hema kama una vifaa na mwenzako, la sivyo gesti ya Matamba na gari la kuondoka kabla hapajapambazuka. Mwezi wa pili njia ni mbaya, maua ni mazuri.

Una siku mbili tu kutoka Mbeya mjini: gesti ya Tukuyu. Kibanda cha mbali kitakula nusu ya muda wako njiani.

Una pumu, au moshi unakusumbua kifua: gesti, au hema mwezi wa tisa. Epuka jiko la kuni hata mwenye nyumba akikuhakikishia halitoi moshi.

Unakwenda mwezi wa sita au wa saba, popote juu ya mita 2,000: kibanda kama majibu ya dari, jiko na kuni yamekuridhisha, gesti kama hayakukuridhisha. Hema waachie waliokwisha kulala baridi hiyo na wanaojua vifaa vyao.

Unasafiri peke yako kwa mara ya kwanza: gesti usiku wa kwanza, muulize mwenyeji wa hapo kuhusu vibanda vya jirani, nenda ukakitazame kimoja mchana, ukae na mlinzi wake, unywe naye chai. Ukipenda, hamia siku inayofuata.